Nilivyokwenda Nyeri Kujifunza Kuyatuliza Maji

Kilichoniondoa nyumbani ni aibu. Ndugu zangu wa Nzwani, wengi wenu mnaijua habari hii, lakini najua imepita midomo mingi, kwa hiyo naieleza mwenyewe. Bomba nililolilaza mimi Saidi, kutoka chemchemi ya msituni hadi kijijini kwetu, lilipasuka siku ya kufunguliwa, mbele ya waziri.

Visiwa vyetu vya Komoro vilikuwa vimepata uhuru miaka michache tu iliyopita. Kila kitu kilitakiwa kwa pamoja: barabara, zahanati, umeme, skuli, na kila kazi ilikuwa na mtu mmoja au wawili wanaoijua. Ya maji ilikuwa yangu. Nilizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kikomoro, nikajifunza huko ufundi wa bomba kwenye nyumba za mjini, na niliporudi kwetu nikapokewa kama mtaalamu. Hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe, kwamba bomba la nyumba na bomba la mlimani ni kazi mbili mbalimbali.

Tulichimba mtaro kwa miezi, wanaume kwa wanawake. Wiki moja kabla ya sherehe maji yalifika kijijini, mifereji yote sita ya kutekea ikamwaga mchana kutwa, na watu wazima wakajimwagia barabarani kama watoto. Asubuhi ya sherehe tukaifunga mifereji yote, ili waziri afungue wa kwanza kwa mkono wake. Hajamaliza hotuba, tukasikia mlio kule juu, kama mti unavunjika. Kisha mwingine. Maji yakateremka na matope na mawe, yakapita katikati ya viti vya wageni. Hakuna aliyenitukana. Wanawake walichukua ndoo zao wakarudi mtoni bila kusema neno, na hilo lilinichoma kuliko tusi lolote.

Siku ya tatu mkuu wetu wa wilaya, Bwana Abdou, aliniita ofisini. Nilikwenda nikijua nafukuzwa.

"Saidi, unajua kwa nini lilipasuka?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli.

"Basi nenda mahali wanapojua."

Alikuwa amesikia kwamba Kenya, katika miji iliyouzunguka mlima wao mkubwa, wananchi wenyewe wanateremsha maji kutoka msituni bila mashine. Akaiandikia barua ofisi ya maji ya Nyeri. Jibu lilipokuja, nikapewa tiketi, wiki tatu, na maneno haya: "Usirudi na zawadi. Rudi na sababu."

Safari ya ndege hadi Mombasa, na basi hadi Nairobi na kupita, sitaieleza sana. Nilikaa dirishani nikiwa na daftari mapajani, na kila nilipoona bomba au tangi kando ya barabara niliandika. Tulipopita Karatina hewa ikabadilika. Ilikuwa mwezi wa Julai, na mimi nilikuwa na kanzu, kofia na sweta moja nyembamba.

Nyeri nilifika alasiri, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya maduka. Nilikuwa nimeelekezwa kwa Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu aliyekaa mtaa wa Majengo, anayepokea wageni wa dini yetu. Aliponiona mlangoni hakunisalimu kwanza. Aliingia ndani, akarudi na koti zito la marehemu mumewe.

"Vaa hili ndipo tuamkiane," akasema. "Wewe umekuja kufa hapa?"

Akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi, akaniuliza nimefuata nini. Nilipomwambia, akaenda jikoni, akafungua mfereji mbele yangu na kuufunga tena. "Mimi nikiwa msichana tulikuwa tunashuka mtoni na debe," akasema. "Sasa hata sikumbuki kuushukuru huu. Umefanya vizuri kunikumbusha."

Asubuhi yake mawingu yalifunguka kwa muda, nikauona mlima kwa mara ya kwanza, mweupe kileleni. Mlima wetu wa Karthala, kule Ngazija, ni mkubwa, lakini nakiri nilisimama barabarani mpaka mwenye mkokoteni akaniomba nimpishe.

Ofisi ya maji ilinikabidhi kwa msimamizi wa mafundi, Bwana Wachira, mtu mfupi mwenye buti za mpira na penseli nyuma ya sikio. Mafundi wake walinizunguka kwenye ua wa mabomba.

"Komoro ni wapi?" mmoja akauliza.

Nikachora visiwa vinne kwenye vumbi kwa fimbo. Wakavitazama.

"Ati hiyo yote ni nchi? Si ni ndogo kuliko Nyeri?"

Damu ilinipanda. Nikawaambia, ndiyo, ni ndogo, lakini ina bendera yake, na mvua yake, na misitu yake, na watu waliochimba mtaro wa mlimani kwa majembe ya mkono bila kulipwa. Wachira akamwambia yule fundi, "Hao ni watu kama sisi. Mpatie huyu bwana kiti." Tangu hapo hakuna aliyenitania kuhusu udogo wa kwetu.

Nilimsimulia Wachira habari yote, sikuficha kitu. Alinisikiliza akichonga penseli. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Hiyo siku ya sherehe, mlifunga mifereji yote?"

"Tulifunga yote."

"Na hiyo siku ingine, yenye maji ilikuwa inamwagika tu, haikupasuka?"

"Haikupasuka."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kuelewa, lakini hakunieleza. "Kesho kuna rori inapeleka mabomba Kianyaga. Panda hiyo. Kuna mama huko anaitwa Mama Micere. Ukiona kitu huelewi, uliza yeye. Mimi nikikuambia hapa utaandika kwa kitabu na utasahau."

Niliudhika, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimevuka bahari kutafuta jibu, na mwenye jibu anachonga penseli.

Siku ya pili tuliondoka mapema, mimi na dereva mbele, mabomba ya plastiki nyuma yakigongana. Kutus tulisimama kununua kamba na misumari. Palikuwa na shughuli nyingi: magunia ya mchele, ndizi, mashati yaliyotundikwa, na kila mtu akimwita mwenzake kwa sauti. Hapo dereva alininunulia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu kama wa nyumba tatu. "Bwana Wachira amesema ni yako," akasema. "Ni ya kupima mlima." Sikujua mpira unaupimaje mlima, lakini niliukunja begani.

Kuanzia Kutus barabara inapanda. Mashamba ya mpunga yakaisha, ya kahawa yakaanza, na kabla ya kuufikia ukanda wa majani ya chai tukaingia Kianyaga. Dereva aliniacha kwenye kituo cha afya kilichokuwa bado kinanuka rangi. Palikuwa na vitanda, dawa na mkunga, lakini maji yalikuwa yakiletwa kwa punda. Kazi ya wiki hiyo ilikuwa kukifikishia maji kutoka kwenye mradi wa wananchi wa juu.

Mama Micere alitokea mtaroni, jembe mkononi, leso kichwani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Wewe ndiye fundi wa kisiwa?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu. Jembe iko pale."

Basi nikachimba. Mchana wakaleta githeri, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na jioni wakaniletea kuku akiwa hai, wamemshika miguu. Mama Micere akasema, "Tumeambiwa nyinyi mnachinja wenyewe. Kisu ni hiki. Hatutaki mgeni alale na njaa kwa sababu ya heshima." Nilichinja, wakapika, tukala pamoja.

Siku ya tatu nilipewa kazi ya kufuata bomba lao la zamani kutoka juu, kuangalia kama linavuja. Nilianza kwenye chemchemi msituni, nikateremka nalo. Nusu ya njia, mahali pasipo na nyumba wala shamba, nikakuta tangi dogo la saruji. Bomba liliingia kwa juu na maji yakaanguka ndani yake wazi, yakivuma. Chini likatoka bomba jingine likaendelea na safari. Hapakuwa na mfereji. Nikateremka tena, nikakuta la pili, vilevile. Na la tatu.

Nilimfuata Mama Micere karibu nakimbia.

"Mama, yale matangi ya mlimani ni ya nani? Hakuna mtu anayeteka pale."

Aliketi juu ya rundo la udongo, akajifuta uso.

"Fundi, ukitoka juu ya mlima ukimbie bila kusimama mpaka chini, utafika ukiwa namna gani?"

"Nitaanguka."

"Na maji iko hivyo. Kama mifereji imefunguliwa, inapita, hakuna neno. Lakini ukifunga mifereji yote, ile maji yote ya mlima, kutoka juu mpaka hapa, inakaa juu ya hii bomba ya chini. Inasukuma. Bomba itavumilia mpaka lini? Sasa hapa kwa tangi inaanguka, inatulia, inaanza safari upya, kama haijatoka mbali. Na kuna boya ndani. Tangi ikijaa, boya inafunga mlango."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Miezi yote ile nilikuwa nimelaumu bomba, gundi, mawe, hata watu waliofukia mtaro. Kumbe tulipoifunga mifereji sita ili kumpendeza waziri, mimi ndiye niliyelibebesha bomba moja la plastiki mlima mzima. Nilimwambia hivyo.

Mama Micere hakucheka. "Sisi pia yetu ilipasuka," akasema. "Mara mbili. Unafikiri tulizaliwa tukijua?"

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mtu aliyepona homa. Walinifundisha matumizi ya ule mpira wa Kutus: unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii kwenye kijiti chenye alama, mwingine anashika ile, na maji yanasimama sawa pande zote mbili. Hivyo, hatua kwa hatua, mnajua mteremko umeshuka kiasi gani na tangi lijengwe wapi. Hakuna chombo cha bei kubwa, hakuna mtaalamu wa kusubiri. Mimi na Mama Micere tuliupima mteremko wote wa kituo cha afya, na mahali tulipokubaliana nikajenga tangi kwa mikono yangu. Waliniachia makusudi. Nilipolipiga lipu ya mwisho, kina mama wa kamati walikuja kulikagua, wakagonga kuta, wakachungulia ndani, na mmoja akanirudisha nikarekebishe kona. Nilirekebisha.

Ijumaa ya wiki ya pili maji yalifika kituoni. Mkunga alitoka na beseni, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikashangilia kama wengine. Kisha Mama Micere akapaza sauti.

"Sasa tufunge yote. Tuone."

Nilijikuta natembea kuelekea barabarani, mbali na bomba, kama vile nimeitwa na mtu. Yeye aliniona.

"Fundi wa Komoro! Unaenda wapi? Mfereji ya mwisho ni yako."

Watu wote wakageuka. Nilirudi. Mifereji mingine ilikuwa imekwisha fungwa, umebaki mmoja, ule wa chumba cha kujifungulia. Nikaushika. Maji yalikuwa baridi sana. Nikafunga.

Nilisubiri ule mlio. Tulisimama pale, watu wazima wote, tukisikiliza mlima. Mama Micere akanishika kiganja, akakiweka juu ya bomba mahali ambapo halijafukiwa.

"Iko wapi hasira yake?" akaniuliza.

Bomba lilikuwa limetulia. Dereva wa rori, aliyerudi siku hiyo na mabomba mengine akatumwa juu, akaja anateremka akipunga kofia: matangi yote yamejaa, maboya yamefunga, hakuna tone lililomwagika njiani. Ndipo kelele zikaanza. Walinibeba, nawaambia kweli, walinibeba na lile koti la marehemu wa Nyeri mpaka nikaogopa litachanika. Mzee mmoja wa kamati akasimama akasema kwamba maji ya Kianyaga sasa yana mkono wa Komoro ndani yake. Nimewahi kusifiwa Unguja na kwetu, lakini sijawahi kujiona mrefu kama siku hiyo.

Jumamosi Wachira alikuja kunichukua kwa gari la kazi. Hakuuliza kama nimejifunza. Alinitazama tu, akasema, "Sasa unaweza kuandika kwa kitabu." Tukacheka.

Hakunipeleka Nyeri moja kwa moja. Tulikata kupitia Mukurweini, kwao, kwa sababu alitaka nimwone mama yake. Tulimkuta bibi huyo kwa ng'ombe wake, chini ya migomba, akiosha ndoo za maziwa kwa maji ya mfereji uliokuwa hatua chache kutoka zizini. Wachira akaniambia kwamba huo ndio mfereji wa kwanza aliouweka katika maisha yake ya kazi, kabla hajaajiriwa, akisaidiana na majirani. Mama yake alinipa ndizi na kikombe cha maziwa, akamwuliza mwanawe kitu kwa Kikuyu.

"Anauliza kama nyinyi pia mlifanya harambee," Wachira akanifasiria.

"Mwambie tulichimba kijiji kizima."

Bibi akanipa ndizi nyingine.

Nyeri nililala siku moja. Bi Zuhura alikataa kulipokea koti lake. "Huko mlimani kwenu msituni ni joto?" akauliza. Nikamwambia, asubuhi kuna baridi kidogo. "Basi ni lako. Marehemu alikuwa mtu wa kazi, koti lake halipendi kukaa kabatini."

Kufika nyumbani kulikuwa kugumu kuliko kuondoka. Kijiji kilikuwa kimechoka. Nilikusanya watu uwanjani, nikawaambia jambo ambalo sikuwahi kulisema kwa sauti: "Kosa lilikuwa langu. Si la bomba, si la mtu aliyefukia. Mimi sikujua. Sasa najua, na nitawaonyesha." Aliyesimama wa kwanza ni Bi Moinaecha, mfanyabiashara wa samaki, ambaye viti vyake viwili vilichukuliwa na matope siku ile.

"Tuonyeshe," akasema. "Lakini utuonyeshe wote. Si wewe peke yako tena."

Tulimfanya mwenyekiti wa kamati. Nikapima mteremko huku yeye ameshika ncha ya pili ya mpira, na kila tulipoweka alama alitaka nimweleze kwa nini hapa na si pale. Tukajenga matangi matatu. Tukabadilisha mabomba yaliyopasuka. Kila familia ilipewa zamu ya kuyasafisha matangi. Na maji yalipofika, hatukumwita kiongozi yeyote. Tulifunga mifereji yote mbele ya kijiji kizima, tukakaa chini tukasubiri. Tulisubiri mpaka adhuhuri. Tulipokwenda kusali hakuna kilichokuwa kimepasuka, na tuliporudi hakuna kilichokuwa kimepasuka.

Waziri alikuja tena baada ya mwaka, safari hii bila viti wala hotuba, akiwa na maofisa wawili na daftari. Vijiji vingine vitatu vilikuwa vimeomba mradi kama wetu, na alitaka kujua ufanyweje. Tukapanda naye mpaka tangi la kati. Akalitazama, akanigeukia mimi.

"Fundi, hili ni la nini? Sioni mfereji."

Nilivuta pumzi nijibu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno kwa siku nyingi: presha, kimo, boya, yote kwa utaratibu wake. Lakini Bi Moinaecha alikwisha kuanza. Alimweleza waziri jinsi mlima unavyolikalia bomba, na jinsi maji yanavyotulizwa, akaingiza mkono ndani ya tangi akaliinua boya ili alione linavyofungua na kufunga. Nyuma yake mvuvi mmoja akamsahihisha kidogo kuhusu zamu za usafi, na mwanamke mwingine akamsahihisha mvuvi. Maofisa waliandika haraka haraka.

Niliyafunga maneno yangu. Nilikwenda Nyeri nikidhani nafuata siri ya mafundi, nikakuta watu wa kawaida wanaoijua kazi yao hata mgeni akiwauliza wanamjibu wakiwa na jembe mkononi. Hilo ndilo nililolileta, na ndilo nililotaka mlisome. Nchi ikiwa ndogo kama yetu, maji yasiwe ya fundi mmoja.

Waziri alipomaliza kusikiliza, alimwuliza Bi Moinaecha kama angekubali kwenda kuvieleza vile vijiji vitatu. Bibi akafikiri, akasema atakwenda, ila si siku ya samaki.